Jina Kwenye Jiwe Dogo

Kadogo aliitika "Abee!" ilhali hakuna aliyemwita.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kwenye karakana ya baba yake. Baba mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mawe kwa kazi yake ya kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi, aliacha nyundo hewani.

"Unamwitikia nani, mama?"

"Babu mmoja. Ameniita kwa jina la ukoo." Mtoto wa miaka saba, hana hata wasiwasi. Kisha akakohoa, na kiganjani pake likabaki vumbi jeupe.

Fundi Mawe akajiambia ni vumbi la kazi, basi. Siku hiyo alikuwa anachonga jiwe la marehemu baba yake mwenyewe, kazi aliyoiahirisha miezi mitatu kwa sababu kila akishika tindo machozi yalimziba macho. Naye alikuwa na mtindo wake: huanza na jina la ukoo, ndilo refu, ndilo linalompa kipimo cha mstari. Wateja walimtania kwamba anaandika watu kinyumenyume. Alipolimaliza akaenda kunawa mikono. Aliporudi, jiwe lilikuwa laini. Herufi zilikuwa zimejifunga kama kidonda kilichopona, na karakana nzima ilinuka mawe yaliyoloa, wakati mvua haijanyesha mwezi mzima.

Akachonga tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila herufi zilipojifunga, Kadogo aliitika, akakohoa. Wiki ya pili mtoto akawa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Madaktari walimpiga picha ya kifua wakasema ni safi kabisa.

"Baba Kadogo," mkewe alinong'ona, "mtoto anakwenda vile vile alivyokwenda babu yake."

Fundi Mawe akamfunika mtoto shuka. Alijua. Baba yake alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kushika jiwe maishani, na alikufa akitema vumbi. Nao walikwisha kuzika mtoto mmoja kabla ya Kadogo, mvulana aliyeishi siku tatu tu, hata jina lake mwenyewe hajapewa. Kwenye jiwe lake dogo Fundi Mawe alichonga jina la ukoo peke yake, maana ndilo pekee mtoto alilokuwa nalo. Kuzika wa pili asingeweza, jamani. Asingeweza.

Akamwendea shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba, akamuuliza: sisi ukoo wetu umetoka wapi?

Shangazi akakisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Ukoo gani, mwanangu? Jina hili si letu." Akafunga mlango kwanza, kana kwamba kuna mtu barazani. "Babu yako alifanya kazi machimbo ya mawe. Alikuwa ameshaachishwa, ile ni siku yake ya mwisho, na mama ana mimba yangu. Mwenzake alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa moja kwa moja na kupewa nyumba. Mwamba ukamwangukia yule mwenzake, uso haukutambulika. Wafanyakazi walivaa vibati vya majina shingoni, na wakubwa waliwajua kwa hivyo tu. Babu yako akavibadilisha."

"Akamzika mtu kwa jina lake yeye?"

"Akamzika, akaishi kwa jina la marehemu. Lakini si hilo linaloninyima usingizi." Shangazi akaanza kulia. "Yule marehemu alikuwa na mama. Alikuja getini akamuulizia mwanawe. Wakatazama kitabu, wakamwambia, yupo, mzima, yuko kazini. Akarudi tena mwaka wa pili, na wa tatu. Babu yako alimchungulia dirishani, hakutoka hata siku moja."

Mganga aliyeletwa nyumbani alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiye na maneno mengi. Alifukiza ubani, akautazama moshi ukirudi chini, akauzima.

"Huyu hafukuzwi na moshi. Ni mtu aliyeibiwa jina, na amekaa bila jina mpaka amegeuka kitu kingine. Mchongee jiwe lake. Kisha ulifute jina hilo kote mlikoliandika. Lisibaki hata mahali pamoja. Litakapobaki, ndipo atakapokwenda kuita, na aliyeandikwa hapo ataitika."

Fundi Mawe akafanya. Jiwe jipya alilisimamisha machimboni, alikozikwa mwenye jina, na herufi zake hazikujifunga. Akalifuta jina kwenye jiwe la babu yake, akalisaga kwenye jiwe la baba yake mpaka likabaki jeupe tupu na moyo ukamuuma kana kwamba anamzika mara ya pili, akalikwangua mlangoni, akalikata kwenye madaftari ya Kadogo na kwenye cheti cha ndoa, huku harufu ya mawe yaliyoloa ikimfuata chumba kwa chumba, ikija nyuma ya shingo yake kama pumzi ya mtu, mpaka likabaki lile jiwe dogo. Akapiga magoti. Akaweka tindo juu ya herufi ya kwanza. Mkono ukagoma. Likiondoka hili, mwanangu anabaki nani?

"Umemaliza?" mkewe alimuuliza aliporudi.

"Nimemaliza," akasema, bila kumtazama.

Kadogo akapona. Akakimbia, akagombana na wenzake, akaomba maandazi. Nyumba ikacheka tena.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, jua limechomoza vizuri, Fundi Mawe alikwenda kung'oa majani kwenye kaburi dogo. Harufu ikamfikia kwanza. Kisha akasikia sauti ya mzee, taratibu, bila hasira, ikiita jina la ukoo.

"Naam!" ikaitika sauti ya mvulana, pale pale chini ya magoti yake. Sauti ya mtoto wa miaka tisa, umri ambao mwanawe angekuwa nao. Hakuwahi kumsikia akisema neno, lakini aliijua.

"Mama yangu amefika?" mzee akauliza.

"Bado, babu," mtoto akajibu, akakohoa.

Tindo ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaishika, akalia mpaka kifua kikamuuma, akairudisha. Kesho yake akaenda tena, saa ile ile. Siku ya nne mzee alipoita, Fundi Mawe hakuvumilia kumwacha mtoto aitike peke yake.

"Naam," wakaitika pamoja.

Jioni akakohoa mezani, akafuta kiganja kwenye suruali kabla mkewe hajaona.