Upande Uliokuwa Nje

Mshonaji alikuwa na vitu viwili tu vya kujivunia hapa duniani: cherehani yake na binti yake wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Mtoto yule aliongea akila, akioga, akisinzia. Mama mwenye nyumba waliyopanga hakuisha kunung'unika kwamba maneno ya Chiriku yanapenya ukutani. Ndiyo maana mshonaji alipopata kipande chake cha ardhi, hakutaka kungoja. Alimwita fundi, akamwambia, "Nataka vyumba viwili, vidogo tu, mwanangu aongee anavyotaka."

Fundi akasimamisha fremu ya mbao, akaezeka, kisha wakafika pale ambapo kila anayejenga kwa kubanabana hukwama: nje tufunike na nini? Mabati yalikuwa rahisi, lakini mchana wangeiva humo ndani. Bodi za saruji zilipendeza dukani, ila moja ikipasuka njiani ndiyo imetoka. Plasta ilitaka wavu, mchanga na siku nyingi. Dada yake mshonaji, mtu wa kujua kila kitu, alisema afunge maturubai kwanza, aingie, mengine yatajijua yenyewe. Mshonaji alikataa. Yeye hakuwahi kumpa mteja nguo ambayo haijashonwa pindo.

Ndipo fundi alipoleta habari za nyumba iliyokuwa ikibomolewa upande wa pili wa mji. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, na kuta zake zote zilikuwa za mbao ngumu za zamani ambazo siku hizi huzipati hata kwa dawa. Mwalimu aliwauzia kwa bei ya kutupa, wala hawakuvutana sana bei. Fundi alizing'oa mojamoja na kuandika namba ya chaki kwenye kila mbao, kama alivyozoea, ili ukuta urudi kwa mpangilio uleule bila kukata upya.

Walipokuwa wakipakia, mwalimu alimshika mshonaji mkono. "Upande uliokuwa nje ubaki nje," alisema. "Hilo tu, mwanangu."

"Sawa, mwalimu."

Fundi alicheka njia nzima. Upande huo wa nje ulikuwa umepauka, na kuanzia usawa wa goti mpaka kiunoni ulikuwa na mikwaruzo, mingi, imepangana minne minne. Upande wa ndani ulikuwa laini, wa rangi ya asali. "Mwalimu anawaza mvua," alisema fundi. "Nitazipaka mafuta, mvua haitaziweza. Tukizigeuza, watu watapita hapa wakikuonea wivu. Ubaya ukae ndani, baadaye utabandika plaiwudi." Kisha akaweka nyundo chini. "Lakini nyumba ni yako. Sema wewe."

Mshonaji alizipapasa mbao kama anavyopapasa kitambaa. Kwenye nguo, upande mzuri ndio unaotazama watu. Hilo alikuwa akilifanya tangu usichana wake.

"Geuza," alisema.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Wapita njia walisimama kuitazama ile nyumba, na dada mtu, kwa shingo upande, akakubali kwamba imetulia. Chiriku alichukua chaki ya bluu ambayo mama yake alichorea vitambaa, akawa anachorachora sakafuni kutwa, mpaka vidole vyake vikawa vya bluu asubuhi na jioni. Mama alimsugua kwa sabuni akachoka. Bluu ilikuwa imeingia mpaka chini ya kucha.

Ijumaa, saa nane mchana, jua likiwa kali, mshonaji alisikia mtu akigonga. Mara tatu. Alisimamisha cherehani, akaenda mlangoni. Hapakuwa na mtu. Aliporudi kukaa, kukagongwa tena, na safari hii alijua si mlangoni. Ilikuwa ukutani, chini, usawa wa goti.

Chiriku alikuwa mtoto aliyefunzwa adabu. Akiwa ameinamia michoro yake, bila kuinua kichwa, aliitikia, "Karibu."

"Unamkaribisha nani?" mama aliuliza.

"Huyu hapa. Anasema asante. Alikuwa amechoka kukaa nje."

Mshonaji alijichekesha. Watoto wana mambo yao. Lakini usiku ule alisogeza kitanda mbali na ukuta.

Siku zilizofuata, Chiriku alianza kuongea polepole, neno moja moja, akiwa amekaa ameuelekea ukuta. Mama alipomuuliza kulikoni, alijibu kwa sauti iliyokauka. "Ananiambia nisiharakishe. Anajifunza."

"Anajifunza nini?"

"Mimi."

Mshonaji aliacha kushona. Akajipa moyo. Akatafuta plaiwudi ya kufunika ule ukuta, hakupata ya kutosha. Na mikwaruzo, aliyokuwa ameizoea, ilionekana kama imeongezeka. Aliipima kwa futi yake ya kushonea. Jana ilikuwa imeishia usawa wa meza. Leo ilikuwa imepita.

Jumatano asubuhi alikuwa uani akianika nguo. Chiriku alisimama kando yake, kimya, akimpa vibanio kimoja kimoja. Mama alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili aliposikia sauti ya Chiriku. Inaongea. Inacheka. Inaeleza habari za paka wa jirani, neno juu ya neno, kama Chiriku wa zamani.

Sauti ilitoka ndani ya nyumba.

Alimtazama mtoto aliyekuwa kando yake. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Umesikia, mama?" Chiriku alinong'ona. "Amejua sasa."

Mshonaji alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda kwa mwalimu mbio, hata viatu havikuwa jozi moja. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mlimjibu?"

"Mtoto alimjibu."

Mwalimu alikaa chini polepole. "Sisi tulikaa ndani miaka kumi na tisa, yeye akiwa nje, akigonga. Hatukumjua ni nani. Hatukumjibu hata siku moja." Akafuta macho. "Zigeuzeni mbao leo. Leo hii. Hakikisha anayebaki ndani ni mwanao peke yake. Na baada ya hapo, mtu akipiga hodi ukutani, usiitikie. Hata kama sauti unaijua. Umenisikia? Hasa kama unaijua."

Fundi hakucheka tena. Alikuja na nyundo ya kung'olea misumari, akaanza saa tisa. Lakini fundi ni fundi, ana utaratibu wake: aling'oa kuta zote kwanza, akazilaza mbao kwenye nyasi kwa kufuata namba, ndipo azipigilie upya. Kwa muda ule nyumba ilikuwa mifupa mitupu. Upepo ulipita katikati ya nguzo. Hapakuwa na ndani. Hapakuwa na nje.

Dada mtu alikuwa amemrudisha Chiriku, na mama alimkalisha kitandani. "Usitoke hapa." Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Mshonaji akaenda kumshikia fundi mbao. Ya kwanza. Ya pili. Ya kumi. Jua lilikuwa linashuka. Zilipobaki tatu, aligeuka akaona kitanda kitupu. Mwanawe alikuwa ametoka kwa kupita kati ya nguzo, yuko kwenye nyasi anachora kwa chaki yake kwenye kipande cha mbao.

"Harakisha," fundi alisema. "Siwezi kuishika hii peke yangu."

Mshonaji aliuelekea ukuta, akaikandamiza mbao kwa bega. Akapaza sauti bila kutazama nyuma.

"Ingia ndani, mwanangu."

Alisikia miguu midogo ikipita nyuma yake, ikiingia kupitia pale palipobaki wazi. Moyo ukamtulia. Fundi akapigilia mbao ya mwisho. Upande laini sasa ulikuwa ndani, na ule wenye mikwaruzo ulikuwa nje, ulikotakiwa uwe tangu mwanzo.

Ndani, Chiriku alikuwa kitandani. Akaanza kuongea. Habari za paka, za fundi, za viatu vya mama visivyofanana. Mshonaji alilia kwa furaha. Akawasha taa, akapika uji, akamsikiliza mwanawe akiongea mpaka uji ukapoa.

Kukagongwa.

Mara tatu. Kutoka nje. Usawa wa goti.

"Hodi," sauti ilisema. Ilikuwa imekauka, inakwenda neno moja moja. "Mama. Hodi."

Mshonaji alisimama. Kikombe kilimponyoka.

"Usimjibu," Chiriku alisema kutoka kitandani, kwa upole. "Mwalimu alisema usimjibu. Hasa kama sauti unaijua."

Mama alikaa. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ile sauti iliita, ikalia, ikaita tena, mpaka ikaisha. Hakuitikia. Alikuwa ameambiwa asiitikie, na yeye alifuata. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba maneno yale ya mwalimu hakumwambia mtu. Si fundi, si dada yake. Wala mtoto.

Kulipokucha alitoka, akazunguka nyumba. Katikati ya mikwaruzo ya zamani palikuwa na mipya, minne minne, myembamba, ya vidole vidogo. Aliinama. Ndani ya kila mkwaruzo palikuwa na unga wa chaki ya bluu.

Alirudi ndani. Mtoto alikuwa bado amelala. Mshonaji alichukua mkono wake, akaufungua taratibu, akavisogeza vidole kwenye mwanga wa dirisha.

Vilikuwa safi, mpaka chini ya kucha.