Bangili Iliyohama Mkono

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga bibi yake bangili ya kupima mapigo ya moyo. Bangili ilipeleka vipimo zahanati kupitia simu, na daktari akavisoma kwenye kompyuta. Jioni Bibi aliivua na kuiweka kabatini ili aoge, kisha akaketi kusali bila kukumbuka kuivaa tena.

Hapo ndipo Chiriku alipoichukua. Mara ya kwanza alitaka tu kuwaringishia wenzake uani. Aliivaa, akaruka kamba mpaka taa yake ndogo ikawa nyekundu.

"Mpisheni, daktari mzima huyo," wakamtania.

Sifa zikamvimbisha kichwa. Ikawa ndio mchezo wa kila jioni, na bangili ilirudi kabatini kabla Bibi hajamaliza sala.

Wiki iliyofuata Bibi akaitwa zahanati. Chiriku akamsindikiza.

"Mama, moyo wako unatutia wasiwasi," daktari alisema. "Jioni unakwenda mbio kama wa mtu anayepanda mlima. Huwa unafanya nini?"

"Nasali, mwanangu. Tena nimeketi."

"Au bangili inafungwa vibaya?"

Bibi akacheka. "Anayenifunga ni mjukuu wangu huyu. Kwake hakuna ubabaishaji."

"Basi nitakuandikia dawa kali zaidi ya kuutuliza."

Uso wa Chiriku uliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alikwisha kushika kalamu. Chiriku akamwomba Mungu kimoyomoyo amfungue ulimi.

"Daktari, usiandike," alisema, macho sakafuni. "Huo moyo ni wangu. Nilikuwa naruka kamba."

Daktari akaweka kalamu chini, akashika kifundo cha mkono wa Bibi, akahesabu mapigo taratibu.

"Unakwenda vizuri, mama. Dawa unazotumia zinatosha. Hii kali ingeupunguza moyo mwendo mno, ungeanguka."

Chiriku akalia. Bibi hakumkaripia wala hakumtazama, na hilo lilimuuma kuliko kiboko.

"Sikiliza, mjukuu," daktari alisema. "Vyombo hivi vitazidi kuwa hodari. Ukiwa mkubwa, huenda vikagundua ugonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajausikia. Lakini vinasema kile tu tulichovipa. Tukivipa uongo, tutautibu uongo, na mgonjwa ndiye atakayeumia."

Mlangoni, Bibi alinyoosha mkono kuutafuta wa mjukuu wake.

"Umenitia aibu," alisema polepole. "Lakini umesema kabla dawa haijaandikwa. Kwa hilo namshukuru Mungu. Haya, nishike, tushuke ngazi."