Godoro la Kijani la Mama Linda

Mureithi aliruka jiwe la kwanza, akaruka la pili, na alipofika la tatu akageuka kuangalia kama mkewe anamwona. Judy, ambaye wengi humwita Mama Linda kwa jina la binti yao, alikuwa anamwona. Aliona kiatu kikiteleza, akaona mguu wa kushoto ukizama katikati ya mawe mawili huku mwili wote ukiangukia upande mwingine, kisha akasikia mlio ambao hakuhitaji kuelezwa ni wa nini.

Hatua chache chini yao, Nalotuesha, rafiki wa Judy aliyekuwa akiwaongoza njia, alikuwa ameshavuka korongo bila kulowesha kitu zaidi ya nyayo, kwa sababu alivukia mahali mbuzi huvukia. Alikuwa amewaambia wamfuate. Mureithi akamjibu kwamba yeye si mbuzi. Basi sasa asiye mbuzi alikuwa ameketi ndani ya maji ya magotini, uso umekuwa wa majivu, akimwita Mungu bila kupumzika.

Wanawake wakamkokota hadi ukingoni. Chini ya goti mguu ulikuwa na kona ambayo Mungu hakuiweka. Ngozi haikupasuka, na kwa hilo Judy alishukuru kwa sauti. Akamvua kiatu, akashika vidole. Vilikuwa na joto.

"Simu?" akauliza.

"Hakuna network hata kidogo," Nalotuesha akasema. Alitazama jua, akatazama walikotoka. "Na nyuma haturudi. Ule mto wa jana umejaa, naskia sauti yake. Hata bodaboda haiwezi kuvuka. Lakini mbele kuna barabara, na leo ni siku ya mnada. Lori ya ng'ombe hupita saa kumi ikienda Kajiado. Ikitupita, ingine ni wiki ijayo."

"Ni mbali?"

"Kwangu mimi ni masaa mawili." Akautazama mguu wa Mureithi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyobaki ni lita mbili.

Safari yenyewe ilikuwa ya kujifurahisha tu. Nalotuesha alikuwa anauza shanga jirani na nyumba yao pale Noonkopir, na urafiki wao na Judy ulianzia kwenye bangili moja. Mwaka huu alikuwa anaenda kumwona mama yake, siku tatu kwa miguu kutoka mjini Kajiado, akawaalika. Mureithi, ambaye alikuwa mwanachama wa kikundi cha kupanda milima kila wikendi, alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Judy alikubali kwa sharti moja: safari hii halali chini kama gunia. Yeye hulala kwa ubavu, na kila akirudi kutoka milimani nyonga zilimwuma juma zima.

Ndiyo maana alienda kwa Valerie, anayeuza vifaa vya kambi pale Kitengela. Valerie alimtandikia magodoro mawili ya kupuliza sakafuni, mbele ya wateja wote, akamwambia alale. Judy akalala. La kwanza lilikuwa la manjano, jepesi ajabu, likikunjwa linaenea kwenye soksi, lakini kila akijigeuza lilipiga kelele kama pakiti ya krispi. La pili lilikuwa la kijani, zito karibu mara mbili, lenye mirija minene kutoka kichwani hadi miguuni. Judy aliufinya mkunjo wa kitambaa chake katikati ya kucha, kama anayejaribu unga wa chapati. Akalala kwa ubavu, nyonga haikugusa sakafu. Akafungua vali ya kupulizia na kuifunga mara tatu, akiweka shavu kusikiliza.

"Wengi huchukua jepesi," Valerie akasema.

"Wengi hawaendi kwa miiba," Judy akajibu, akachukua la kijani.

Mureithi alicheka kutoka Kitengela hadi stendi ya Kajiado. Yeye alibeba kipande cha sponji chembamba, akasema mwanamume halali juu ya puto. Alimwandama mkewe kwa uzito wa begi mpaka Judy, kwa hasira ya kushindwa, akatoa kimfuko cha viraka vya godoro na kukiacha mezani. Gramu thelathini. Mkaidi hafaidi, lakini hata anayemsikiliza mkaidi hafaidi.

Pale ukingoni Judy akaanza kukusanya vijiti vya kuufunga ule mguu. Nalotuesha akamshika mkono.

"Ngoja. Ndama akivunjika hatufungi na kijiti kitupu. Kijiti inakula nyama. Tunazungushia ngozi kwanza, ishike pande zote."

"Ngozi tutatoa wapi?"

Wakatazamana, kisha wote wawili wakalitazama begi la Judy.

Wakalitandika godoro bila upepo, wakalikunja kwa urefu, wakauzungushia mguu kutoka juu ya goti hadi chini ya wayo, vidole na vali vikibaki nje. Wakalifunga kwa vipande vya leso, si kwa kukaza. Kisha Judy akapiga magoti na kuanza kupuliza. Alipochoka, Nalotuesha akapokea. Mirija ikajaa mmoja mmoja, ikaukumbatia mguu polepole, na ile kona ikakaa imetulia. Mureithi, aliyekuwa ameuma kamba ya begi, akaiachilia.

"Imeshika," akasema kwa mshangao. "Mama Linda, imeshika kabisa."

"Puto?" Judy akamwuliza.

Mureithi akanyoosha mikono ainuliwe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Judy hakumdai jibu.

Wakamweka katikati, mikono yake mabegani mwao, naye akaruka kwa mguu mmoja. Kila hatua ishirini walipumzika. Jua likapanda. Kufika saa tano walikuwa hawajafika popote, na lita mbili zilikuwa zimebaki moja. Nalotuesha akamketisha chini ya mgunga.

"Hivi hatufiki," akasema. "Kuna kisima pale nyuma ya mwinuko. Wamama huchota maji na punda. Nitarudi na punda. Mkae hapa hapa, Mama Linda. Msitoke."

Akaenda. Judy alimwangalia jinsi alivyotembea, bila haraka na bila kupoteza hatua hata moja, akawaza kwamba kama angepewa mtu mmoja tu wa kupotea naye duniani, angemchagua huyu. Alimwambia Mureithi hivyo. Mureithi hakubisha.

Lakini kivuli cha mgunga kilihama, na ardhi ya pale ilikuwa mawe matupu. Mureithi alianza kutetemeka juani. Judy akaona, kama mita hamsini hivi, boma lililohamwa: nyumba moja ambayo bado ilikuwa na nusu ya ukuta na kivuli kizuri, na mbele yake uwanja laini wa samadi kavu, mtupu, umesawazishwa na kwato za miaka mingi. Mtu wa mjini hawezi kuona kitanda kizuri zaidi ya hicho porini. Akamkokota huko, akamlaza kivulini, akauweka mguu chini taratibu.

Hazikupita dakika kumi Mureithi akapiga yowe. Mirija ilikuwa inalegea. Ile kona ilikuwa inarudi. Judy akapuliza mpaka macho yakamtoka, lakini alichotia juu kilitokea chini. Akashika vidole. Vilikuwa baridi. Akavifikicha, vikabaki baridi, na vilikuwa vimepauka. Hapo Judy aliogopa kweli, hofu ya mguu kukatwa, hofu ya kurudi Noonkopir na kumwambia Linda. Aliona kimfuko cha viraka kikiwa mezani nyumbani, akatamani kulia, akaendelea kupuliza.

"Takwenya!" sauti ya mama ikamsalimu Judy kwa Kimaasai kutoka mbali, na Nalotuesha akamjibia, "Iko!" Nalotuesha alikuwa anakuja, na nyuma yake mama mmoja mwenye umri, Mama Soipan, akiongoza punda wa kijivu. Nalotuesha alipoona walipolala alitupa kibuyu cha maji chini.

"Ndani ya boma! Mama Linda, ua ya boma ni miiba. Watu wakihama ua inaoza, miiba inabaki kwa mchanga. Hata mtoto wetu hatembei hapa bila viatu!"

"Sikujua," Judy akasema. "Vidole vimekuwa baridi, Nalotuesha. Na viraka niliacha nyumbani."

Hasira ikamtoka Nalotuesha usoni mara moja, kama nguo inayovuliwa. Wakamhamisha Mureithi hadi juu ya shuka ya Mama Soipan, nje ya boma. Nalotuesha akamwamuru Judy apulize na asiache. Mama Soipan akataka kumwaga maji juu ya godoro ili watafute mapovu, lakini Nalotuesha akamzuia, maji ni ya mgonjwa. Akarudi bomani, akachota konzi ya vumbi la samadi, jepesi kama ugoro, akalinyunyiza polepole juu ya mirija, kutoka goti kuteremka. Lilitua, likakaa. Karibu na kisigino chembe chache zikaruka. Akanyunyiza tena, zikaruka tena pale pale.

"Hapa," akasema.

Kitobo kilikuwa cha mwiba mmoja. Kitambaa hakikuchanika, kile kitambaa ambacho Judy alikifinya kwa kucha pale dukani, na kitobo kilibaki kitobo. Lile la manjano lingekuwa limepasuka kama gazeti. Nalotuesha akafungua mfuko wake wa shanga, akatoa donge la nta ya kupaka nyuzi zake, akamega, akatafuna. Alilifuta vumbi kwa kidole gumba, akaiweka nta ikiwa bado ina joto la mdomo, akaisukuma na kuisambaza kama anayeziba ufa wa kibuyu cha maziwa. Juu yake akazungusha plasta kutoka begi la Judy, na juu ya plasta, ukanda wa leso.

"Sasa," akasema. "Pole pole."

Judy akapuliza, wakapokezana. Mirija ikajaa, ikakaa. Judy alishika vidole vya mumewe kwa mikono yote miwili, akahesabu moyoni, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kidole gumba kikapata joto kwanza.

Ilikuwa saa nane kasoro. Wakampandisha punda, mguu wa kijani umetangulia mbele kama mzinga, Mama Soipan akivuta, Nalotuesha akiukinga kwa mwili wake kila walipopita katikati ya miiba. Mikono yake ilichanika mpaka kwenye viwiko. Hakuna mwiba uliofika kwenye godoro. Kila baada ya mwendo mfupi Judy alisogea kwenye vali, akaongeza pumzi mbili tatu, akashika vidole, wakaendelea. Walilisikia lori kabla ya kuliona. Nalotuesha akavua shuka yake nyekundu, akakimbia, akasimama katikati ya barabara, na dereva akafunga breki huku ng'ombe wote wakilalamika.

Hospitalini Kajiado walipokelewa taa zikiwashwa. Tabibu kijana alilitazama lile godoro, akalizunguka, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesifu. "Nani alifunga hii?" akauliza. Kisha akachukua makasi.

"Usikate!" Mureithi akasema, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko siku nzima. "Tafadhali, daktari. Hilo usikate. Mama Linda, fungua vali."

Judy akaifungua. Upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo, pumzi yake na ya Nalotuesha walizozitia tangu asubuhi, na Mureithi akafumba macho kuusikiliza mpaka ukaisha. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nililicheka," akasema. "Na wewe nilikuambia mimi si mbuzi."

"Hiyo ni kweli," Nalotuesha akasema. "Mbuzi hangevunjika."

Judy akacheka, kisha akalia, akamkumbatia rafiki yake pale pale mbele ya tabibu, mikono iliyochanika na yote. Nalotuesha alimwacha alie. Alipomaliza, akainama juu ya godoro lililolala limenyauka, akafungua leso, akabandua plasta, akaichokoa nta kwa ukucha bila kuacha hata chembe. Akaifinyanga, akairudisha kwenye mfuko wake wa shanga.

"Niko na mikufu ya harusi ya kumaliza Jumamosi," akasema. "Hapo utaweka kiraka chako."