Moyo wa Yakobo Kifuani mwa Imelda

Imelda alikuwa akichambua maharage uani kwa mama mkwe wake, kijijini Buhinyuza, siku chache baada ya kumzika mumewe, moyo wake ulipopiga vibaya. Ulipiga mara mbili haraka haraka, ukanyamaza, kisha ukarudi kwa kishindo. Akaweka ungo chini. Mapigo yale aliyajua. Miaka yote ya ndoa alikilalia kifua cha Yakobo, na hakujua moyo mwingine unaochechemea namna hiyo.

Papo hapo akasikia harufu ya jasho na vumbi la magunia ya mchele. Uani hapakuwa na gunia wala mwanamume.

"Umeona nini?" aliuliza mama mkwe, Kasilda, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Hakuna kitu, mama. Ni jua tu."

Alidanganya tena. Kusema kweli, uongo ulikuwa umeshamzoea.

Yakobo alikuwa mchukuzi Kobero, mpakani na Tanzania, kazi yake kupakua malori. Siku moja alianguka na gunia begani, akazinduka, akacheka. Imelda hakucheka. Walifunga safari hadi Gitega, kwenye kiliniki ndogo mtaa wa Musinzira. Huko daktari Néhémie, Mkongo mwenye maneno mengi na mikono ya upole, alimbandika Yakobo kifuani kifaa kidogo chenye taa ya kijani.

"Sikiliza muzuri, papa," alisema. "Hii appareil haiponyeshe mutu. Iko inaandika tu vile moyo unatembea. Haiwezi kuniita mi kama we unaanguka. Donc, ukisikia kizunguzungu, finya hapa. Ukianguka, kuja mara moja, usingojee wiki mbili ziishe. Usiitoe, usiazime mutu, na simu usiweke mufuko ya hapa juu. Wiki mbili zikiisha, unirudishie nisome."

Yakobo aliitikia yote. Kosa halikuwa lake, na hilo ndilo linalouma.

Kule Kobero wachukuzi wenzake waliiona taa ikimeta chini ya shati. Wakaanza kunong'onezana kwamba amefuga jini la utajiri, ndilo linalomwangusha. Huo utajiri sijui waliuona wapi, maana suruali yake ilijaa viraka. Msimamizi wao akamwambia asisogelee lori akiwa na kidude hicho.

Imelda ndiye aliyejifanya mjanja. "Nipe mimi nikae nacho," alimwambia mumewe. "Kitaandika moyo mzuri, nawe utabaki na kazi."

"Si tumeambiwa tusiazimane?"

"Daktari yuko Gitega. Atajuaje?"

Akakibandua kwa kucha zake mwenyewe, akakibandika kwake kwa plasta. Alijua kwamba daktari akiona moyo mbovu atakataza mizigo, na wasipobeba mizigo watarudi Buhinyuza kulima. Imelda alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, asikozoea kulima, na jembe alilichukia vibaya sana. Alikipenda chumba chao cha Kobero na kelele zake. Alijifikiria yeye, basi.

Wiki mbili zikaisha. Yakobo akataka wakirudishe kifaa. Imelda akakumbuka kwamba siku ya kwanza kilikuwa bado kifuani mwa mumewe, na daktari angeyaona mapigo yake. Akamwambia wangoje kidogo, malori yapungue. Wakangoja, mpaka asubuhi moja Yakobo akaanguka karibu na lori na asiamke tena. Imelda alimlilia huku taa ikimeta chini ya kitenge, na hata makaburini alikuwa nayo, kwa kuwa nyumba ilijaa wanawake na hakupata faragha ya kuitoa.

Sasa alirudi na kile kifaa Gitega peke yake. Néhémie alikifungua kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Hapa mwanzo ni bwana yako. Ona, moyo unasimama. Mungeileta kwa wakati, tungemutia betri ya kusukuma moyo chini ya ngozi, na angekuwa muzima." Akasogeza kidole. "Hapa unaingia moyo mwingine, muzuri kabisa. Ni wa we?"

"Ni wangu," alisema Imelda kwa sauti ya chini. Alitamani ardhi immeze.

"Na hapa..." Daktari akarudisha kidole nyuma. "Hapa bwana yako iko anarudi. Siku hii ilikuwa ya nini?"

"Tulikuwa tunamzika. Kwa kilio sikuusikia."

Daktari alimpima kifua, akasikiliza kwa muda mrefu, akavua miwani. "Mi sielewi, mama. Lakini moyo hivi utasimama. Kuja na mutu wa familia, tukutie betri."

Njiani kurudi Buhinyuza mapigo yaliongezeka sauti, na abiria aliyekaa karibu naye akageuka kumtazama kifua, akasogea, na harufu ya magunia ikajaa gari mpaka dereva akafungua dirisha akiuliza nani kabeba mchele, na Imelda akajifunga kitenge kwa nguvu huku akiusikia moyo ule ukipiga mara mbili, ukinyamaza, na katika kile kimya akisikia pumzi ya mtu mwingine ikihema ndani ya mbavu zake, pumzi nzito ya aliyebeba mzigo anayetafuta pa kuutua. Alishuka, na hakwenda nyumbani kabla ya kumwita mwalimu Husni, msomaji dua anayetoa majini.

Husni alitandika mkeka sebuleni kwa Kasilda, akafukiza ubani, akasoma. Maji ya kikombe alichokiweka mkekani yakaanza kutikisika kwa kuchechemea.

"Jini limeingia kweli," alisema kwa kunong'ona. "Naweza kulitoa leo. Lakini useme kweli, dada. Mapigo haya limeyapata wapi?"

Imelda akasema yote mbele ya mama mkwe: kucha, plasta, chumba cha Kobero, wiki za kungoja. Alisema akilia na hakujitetea.

Kasilda hakupiga kelele. Alisogea kwa magoti, akaweka kiganja kifuani mwa mkwewe, akangoja. Mapigo mawili. Kimya. Kishindo.

"Ni yeye," alinong'ona. "Mwana wanje, mwanangu."

"Si yeye, mama," alisema Husni. "Maiti harudi. Ni jini limevaa mapigo yake, na likikaa litaondoka na huyu."

"Kunja mkeka wako," alisema Kasilda.

"Mama," Imelda alisema, "daktari anaweza kunitia betri..."

"Hiyo betri itaunyoosha moyo. Utapiga kama mioyo ya watu wote. Nimsikie wapi mwanangu?"

Husni alimtazama Imelda. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha, na alitaka kuishi, alitaka sana. Lakini kila alipolitafuta neno hilo aliona kucha zake zikibandua kifaa kwenye kifua cha mtu aliyemwamini.

"Nenda, mwalimu," alisema.

Mlango ulipofungwa, Kasilda alimlaza kwenye mkeka wa nyumbani, akamfungua kitenge taratibu, akalaza sikio juu ya mbavu zake na kufumba macho. Moyo ukanyamaza. Kimya kikawa kirefu kuliko vyote vilivyotangulia, na Imelda akavuta hewa kwa hofu.

"Usipumue," alisema mama mkwe. "Unanizuia kumsikia."