Mtaa Ulio Chini ya Mtaa

Kila asubuhi ya shule Maëlys alikula vilevile: alipaka mkate siagi, akauchovya kwenye bakuli la chokoleti ya moto, na mama yake akamkanya asichafue meza. Ijumaa ile aliuacha mkate ukilowa bakulini.

"Leo jioni wakazi wote wa jengo tunakutana," mama alisema akifunga viatu. "Bwana Delestre wa ghorofa ya tatu anataka Bi Ferreira aondolewe kazini. Anasema funguo hazina miguu."

Maëlys alichukua mkoba, akashuka ngazi mbilimbili, akapita mbele ya kidirisha cha chumba cha Bi Ferreira, mlangoni pa jengo, bila kusalimu. Bi Ferreira, mama wa Kireno aliyepita miaka sitini, ndiye aliyelitunza jengo lao. Alipiga deki ngazi, aligawa barua, na kwenye msumari chumbani mwake alitundika kishada chenye funguo za akiba za kila nyumba. Kishada hicho hakikuwa kimeonekana tangu Jumatatu. Pazia la kidirisha lilitikisika, na Maëlys alihisi macho yakimfuata mgongoni.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Jumatatu alisahau ufunguo wa kwao, na Bi Ferreira, mikono imejaa povu, akampa kishada kizima: "Kafungue mwenyewe, mwanangu, kisha kitundike." Maëlys alifungua, akatupa mkoba ndani, akarudishia mlango. Lakini kabla ya kukirudisha kishada, njaa ilimtuma duka la mikate, na njiani akawa anakizungusha kidoleni. Ilikuwa saa ile wasafishaji wanapofungulia maji kando ya barabara na kuyaelekeza kwa zulia kuukuu lililoviringishwa. Kishada kilichomoka, kikaangukia ukingoni mwa tundu la mtaro, na maji yakakisukumia ndani. Bi Ferreira alipomuuliza jioni, alisema, "Nilikitundika." Neno moja tu, na lilikuwa limemnyima usingizi siku nne mfululizo.

Siku hiyo Mwalimu Kerbrat aliwapeleka wanafunzi wake kwenye makumbusho ambayo Maëlys angetoa chochote asiingie: makumbusho ya mahandaki yanayopitisha maji machafu chini ya jiji la Paris. Walishuka ngazi za chuma, harufu ikawapokea.

"Jamani, Tiago, ni wewe au ni handaki?" mmoja aliuliza, ameziba pua.

"Ni soksi zako, zimekuja kusalimia ndugu zao," Tiago alijibu, lakini hakucheka. Tiago alikuwa mjukuu wa Bi Ferreira, na aliishi naye katika kile chumba cha mlangoni. Tangu Jumanne alikuwa akimtazama Maëlys sana. Au ndivyo Maëlys alivyoona.

Mwenyeji wao, Bwana Ozanne, alikuwa mzee mwenye mabuti marefu aliyefanya kazi humo miaka thelathini. "Msishike kuta," alionya, "na mkitoka mnawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Panya wa huku hawanawi, wala hawaombi radhi." Kisha alimulika kibao cha buluu ukutani. "Mnaona? Ni jina la mtaa. Kila mtaa wa juu una pacha wake huku chini, jina lilelile, na nyumba zina namba zilezile. Nipe anwani yako, nitakupeleka hadi chini ya choo chenu."

Wanafunzi waliangua kicheko. Maëlys hakucheka. Kwa nini mzee huyu alipotaja anwani alimtazama yeye?

Tiago akanyoosha mkono. "Mzee, mtu akidondosha funguo kwenye tundu la mtaro, zinakwenda wapi?"

Anajua, Maëlys aliwaza. Aliniona. Amengoja aniumbue mbele ya darasa zima.

"Haziendi mbali," Bwana Ozanne alisema. "Funguo ni nzito, hukaa kwenye mchanga chini ya tundu. Watu hutupigia simu, tunashuka kuwatafutia. Ila lazima watuambie ni tundu gani hasa. Mtaa mmoja una mengi, na mchanga huzolewa. Mnakaa wapi?"

"Mtaa wa Trois-Sabots."

Mzee alikuna kidevu. "Huko wanazoa leo mchana. Ni tundu gani?"

"Sijui," Tiago alisema, akashusha mkono.

Kundi liliposogea, Maëlys alimvuta Tiago mkono. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usijifanye. Unanishuku mimi."

Tiago alimkodolea macho. "Wewe? Nikushuku kwa lipi? Nimetafuta kwenye mapipa ya taka, nyuma ya masanduku ya barua, hata ndani ya mashine ya kufulia. Huku chini ndiko sijatafuta, basi nimeuliza." Sauti ilimtetemeka. "Bibi anasema kama Maëlys kasema alikitundika, basi alikitundika. Anasema labda ni yeye anaanza kupoteza akili. Jana ameuliza mara tatu kama amezima jiko."

Maëlys angeweza kustahimili kushukiwa. Kuaminiwa kulimchoma. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho, chini ya ardhi, mbele ya mjukuu wa mtu aliyemdhulumu.

"Sikukitundika," alisema. Kisha alimkimbilia Bwana Ozanne kabla ujasiri haujamtoka. "Mzee, ni namba kumi na nne. Mbele ya duka la mikate. Nilikidondosha mimi."

Mwalimu Kerbrat aligeuka. Bwana Ozanne alitoa simu, akaona haishiki mtandao, akapanda ngazi kwa haraka ambayo usingeitarajia kwa mzee wa mabuti.

Jioni ile wakazi walipokutana ukumbini, Maëlys alisimama karibu na mama yake, akakisimulia kisa chote, kuanzia njaa hadi uongo. Bwana Delestre alikohoa, akavitazama viatu vyake. Mezani kulikuwa na ndoo ya maji ya dawa, na ndani yake kishada, kilichopatikana saa nane kasorobo, kimefunikwa na tope.

Bi Ferreira alivaa glavu, akakitoa, akakisuuza, akazikausha funguo moja moja. Hakukemea. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Kudondosha si kosa, mwanangu," alisema hatimaye. "Kila mkono huteleza. Ungekuja mbio Jumatatu, tungecheka. Lakini uliona watu wakinishuku, ukanyamaza, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe. Neno moja la kweli lina uzito, usimnyime mtu anayelihitaji."

"Nisamehe, Bi Ferreira."

Tiago alikuwa mlangoni, bado amenuna, naye alikuwa na haki. Bi Ferreira alikitazama kishada, kisha akamnyooshea Maëlys.

"Haya," alisema. "Kitundike."

Maëlys alikishika kwa mikono miwili, akaingia chumbani, na wote wakamsikiliza mpaka funguo zikagonga ukuta.