Salamu za Adhuhuri

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, karibu na dirisha. Simu yake ilikaa mezani, pembeni mwa mkasi na vipande vya chaki. Kila adhuhuri aliacha kushona akaitazama.

Mumewe alikuwa mbali, kwenye kiwanda cha matangi ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma ndani ya matangi. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Kiwandani kila fundi alivaa bangili ya usalama. Bangili hiyo inapima mapigo ya moyo na inajua kama mtu anasogea. Ina kitufe chekundu cha kuomba msaada. Fundi akikibonyeza, au akiacha kusogea kwa muda, simu ya mkewe nayo inatikisika.

Basi hawa wawili, kwa jinsi walivyokumbukana, wakakigeuza kitufe kuwa salamu. Adhuhuri ikifika, Baba Pacha anabonyeza. Mama Pacha anatabasamu peke yake kama mwehu. Kuongea ilikuwa taabu, kwani jioni mume alitoka kazini hoi, akasinzia katikati ya maongezi.

Siku moja jirani alikuja kuchukua suruali yake. Alikuwa likizo kutoka kiwanda hicho hicho, ambako alifanya kazi chumba cha uangalizi, kwenye kompyuta. Simu ikatikisika. Mama Pacha akatabasamu.

“Mume wangu huyo. Ananisalimu kwa bangili.”

Jirani aliweka suruali chini. “Shemeji, kumbe ndiye yeye? Sisi tunaona namba tu. Kuna namba moja inaomba msaada kila adhuhuri. Mwanzoni watu walikimbia na machela, wakamkuta mtu anacheka. Siku hizi hanyanyuki mtu. Mwenzetu mmoja ameiambia kompyuta iiruke namba hiyo kila adhuhuri.”

“Iiruke vipi?”

“Taarifa za bangili zote zinaingia papo hapo kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa. Kompyuta inaliuliza ghala hilo bila kupumzika. Nani amebonyeza? Nani hasogei? Ni kama wewe ukiwa jikoni unaita, ‘Wanangu, mko wapi?’ Wakinyamaza, unakwenda mbio. Sasa fikiria unaita wote, mmoja humtaji. Akianguka kisimani utajua saa ngapi?”

Mama Pacha alijibu kwa sauti ndogo. “Nitachelewa.”

“Na mumeo akizimia tangini kwa hewa chafu, ni hivyo hivyo.”

“Mimi namkumbuka tu, shemeji.”

“Mkumbuke. Lakini kitufe kiacheni kifanye kazi yake. Nitawapigia wenzangu leo waache kuiruka namba yake. Kuacha kubonyeza, hilo ni lenu.”

Jioni Mama Pacha alimpigia mumewe. “Baba Pacha, kuanzia kesho usibonyeze.”

Mume aliuliza, “Nimekukosea nini?”

Alimweleza yote. Kisha akasema, “Nataka siku ukiita, watu waje.”

“Na adhuhuri yangu nitaifanyaje?”

“Utakula, utanywa maji, utanikumbuka kimya kimya.”

“Haya, mama.” Alikubali, ila kwa shingo upande.

Adhuhuri iliyofuata simu ilitulia. Mama Pacha alirudi kwenye cherehani. Alikosea pindo la gauni, akalifumua, akalikosea tena. Wiki zilipita hivyo. Mchana ulikuwa mrefu, na nyumba ilikuwa kubwa kuliko zamani.

Halafu adhuhuri moja simu ikatikisika.

“Mtu huyu hasikii,” alisema, huku moyo umeruka kwa furaha. Akasoma kioo. Hapakuwa na alama ya kitufe. Paliandikwa, “Hasogei.”

Alipiga simu chumba cha uangalizi. Jirani, aliyekuwa amesharudi kazini, alipokea. “Tumeona, shemeji. Watu wako njiani. Kaa karibu na simu.”

Alikaa. Hakushona, hakula, hakusema na mtu.

Jua lilipoanza kupoa, simu ililia. Alikuwa mumewe, kutoka zahanati ya kiwanda. Sauti yake ilikuwa nzito.

“Ni hewa ya mle ndani, Mama Pacha. Sikuwahi hata kubonyeza. Wamenipa ruhusa nije nyumbani nipumzike.”

“Walichelewa?”

“Hapana. Nilipofumbua macho, walikuwa wameshanitoa nje.”

Mama Pacha aliishika simu kwa mikono miwili. Akalia. Mumewe alimwacha alie, kwa sababu alijua kilio hicho kilikuwa cha mwaka mzima.