Ng'ambo ya Daraja la Wuning

"Dada! We dada! Hiyo baiskeli ni yangu!"

Uongo. Mwaka ule hapa Shanghai hapakuwa na baiskeli ya mtu. Zilikuwa za kukodi kwa simu, zimezagaa kila mahali, za manjano, za chungwa, za buluu, zimejaa njia ya waenda kwa miguu mpaka wazee wakawa wanapita barabarani huku wakitukana. Unaelekeza simu kwenye alama iliyo chini ya usukani, kufuli linafyatuka, unapanda, unafika uendako, unaitelekeza hapohapo kana kwamba hamjawahi kujuana. Kila wiki malori yalikuja kushusha nyingine.

Lakini Qian Muyuan alikuwa na haki ya kupiga kelele. Ilikuwa jioni, watu wanamiminika kutoka stesheni ya Caoyang, naye alikuwa ameskani baiskeli yake kwa adabu zote. Kufuli likafyatuka. Kabla hajarudisha simu mfukoni, msichana aliyekuwa ameinama kando yake, koti la rangi ya haradali, skafu ya kijani shingoni, akairukia baiskeli ileile akaenda zake. Aliyoifungua msichana huyo ilibaki pembeni, kufuli wazi, haina mtu. Muyuan akaipanda hiyo na kumfukuza.

Alimpata kwenye taa, karibu na daraja la Wuning.

"Dada, unaendesha kwa simu yangu."

"Nini?"

"Uliyoiskani wewe ndiyo hii niliyopanda mimi. Hiyo uliyokalia nimeifungua mimi."

Msichana akatazama baiskeli, akatazama simu yake, kisha akamtazama huyu kijana aliyekuwa anahema na miwani imemshuka mpaka ncha ya pua. Akaanza kucheka.

"Kwa hiyo mimi nakulipia wewe, na wewe unanilipia mimi?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi kaka, kaza mwendo. Mimi ni bahili."

Muyuan akacheka, na akicheka huwa hana akili nyingine. "Unaelekea wapi?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Ndiko unakokaa?"

Akasita kidogo. "Ee. Na wewe?"

"Mimi pia," alisema Muyuan.

Jioni hiyo alikuwa anakwenda kula kwa mjomba wake. Kwao ni nyuma ya stesheni ya Caoyang, kwenye yale majengo ya zamani ya wafanyakazi wa viwanda, alikozaliwa na alikokuwa bado anaishi na mama yake. Ukimuuliza kwa nini alijibu "mimi pia", hakuambii kitu cha maana. Taa zilikuwa zinakaribia kubadilika, na hakutaka mazungumzo yaishe.

Kesho yake wakakutana tena pale stesheni. "Jirani!" aliita msichana kwa furaha. "Unarudi nyumbani?" Muyuan angejibu nini?

Jina lake lilikuwa Shen Ruolan, fundi wa meno ya bandia. Muyuan alikuwa fundi wa miwani.

"Wewe macho, mimi meno," alisema Ruolan. "Tukimpata wa masikio tunafungua hospitali."

Ikawa desturi. Kila jioni wanaskani, safari hii kila mtu yake, wanakwenda sambamba taratibu mpaka ng'ambo ya daraja. Penye duka la matunda Ruolan anakata kushoto, Muyuan ananyoosha mbele kama mtu anayewahi nyumbani. Akishapotea machoni pa Ruolan anaingia kwenye kibanda cha tambi, anakula bila njaa, kisha anatafuta baiskeli nyingine na kurudi alikotoka. Mama yake alimuuliza iwapo watu wa Shanghai siku hizi wamezidi kuvunja miwani, maana kazi za ziada haziishi. Muyuan akasema wamezidi sana.

Enzi za marehemu baba yake isingewezekana. Baiskeli ya mtu ililala imefungwa chini ya dirisha lake, na mtaa mzima ulijua nani yupo kwake na nani kalala kwa nani. Hizi mpya hazina kwao, kwa hiyo hazimsemi mtu. Muyuan alizishukuru moyoni.

Kiangazi kikaja, Ruolan akaanza kuvaa gauni jeupe la maua madogo ambalo ilimbidi alishike kwa mkono mmoja kila upepo wa mtoni ulipovuma. Usiku wanapigiana simu wakiwa vitandani, wananong'ona wasisikike ukutani.

"Umelala, fundi wangu?"

"Nitalala vipi na wewe unaongea?"

"Basi nikate."

"Ukikata nakuja huko kwenu sasa hivi."

"Usithubutu!" Ruolan alisema haraka mno, na Muyuan akabaki anajiuliza haraka ile ilikuwa ya nini. Kwa kweli hakuwahi kumkaribisha hata mlangoni. Lakini na yeye Muyuan hakuwahi, kwa hiyo angelalamika kwa mdomo upi?

Ilipokaribia sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli, familia zinapokula pamoja, Muyuan akajikaza. Walikuwa wamesimama darajani, wameegemeza baiskeli.

"Mama anataka uje kula na sisi siku ya sikukuu."

Ruolan akageuka kuutazama mto. Kila msichana hapa anajua maana ya mlo huo. Ukikaa kwenye meza ile ukapakuliwa bata kwa mkono wa mama mtu, umeshakubali.

"Nipe mpaka Jumapili jioni."

"Kuna nini cha kufikiria?"

"Kuna jambo nataka kuliweka sawa kwanza."

"Jambo gani?"

"Jambo tu, mpenzi. Usinibane."

Muyuan alikula tambi zake jioni ile bila kujua zina ladha gani. Kama Ruolan angekataa, asingekuwa na nguvu ya kumtafuta mwingine, alijijua. Hakuwahi kumtaka mtu namna ile.

Jumapili asubuhi mama yake akamtuma maziwa ya soya na maandazi marefu. Akatoka alivyo, pajama za miraba, kandambili, nywele zimesimama. Hakuna anayeshangaa hapa. Wanawake huenda sokoni na pajama, wazee hucheza karata na pajama. Sheria ni moja tu na haikuandikwa popote, kwamba pajama haivuki barabara kubwa. Ukimwona mtu na pajama, ujue kitanda chake kiko karibu.

Kwenye foleni ya maziwa ya soya alisimama Ruolan.

Pajama ya waridi yenye picha za stroberi. Nywele zimebanwa juu na kibanio cha plastiki, uso haujaguswa na poda. Mkononi ana vikombe viwili vya maziwa ya soya. Viwili! Akageuka, macho yao yakakutana, na rangi ikamtoka usoni. Akakimbilia kwenye uchochoro, maziwa yanamwagika nyuma yake.

Muyuan alisimama pale mpaka muuzaji akamuuliza kama ananunua au amekuja kupiga picha.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Ruolan anakaa ng'ambo ya daraja. Ruolan amelala upande huu. Amekunywa, yaani anakwenda kunywa, maziwa ya soya na mtu mwingine, tena kwa amani ya kuvaa stroberi. Ndilo hilo jambo la kuweka sawa? Alijipa sababu nyingine, labda shoga yake, labda shangazi, lakini mbona alikimbia? Mtu hakimbii kwa ajili ya shangazi.

Jioni ikafika, jibu halikuja. Ulikuja ujumbe mfupi: "Kesho usinisubiri stesheni." Muyuan akaandika na kufuta, akaandika na kufuta. Mwishowe akatuma "Sawa," na mara tu alipoituma akaichukia.

Jumatatu hakumwona. Jumanne alisimama katikati ya zile baiskeli mpaka kijana wa kuzipanga akamwomba asogee. Mama yake naye hakujua kitu, kila siku ni wimbo uleule.

"Mwanangu, huyo binti anakula bata au hali? Nimeshaagiza."

"Sijui, mama."

"Keki za mwezi za nyama anazipenda?"

"Sijui!"

"Sasa unajua nini?"

Hilo nalo lilikuwa swali zuri. Jumatano jioni akajifungia chumbani, akapiga simu. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Nimepokea kwa bahati mbaya," alisema Ruolan. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nilidhani ni fundi wa gesi."

"Ruolan, ni nani anakaa pale?"

"Pale wapi?"

"Usinichezee akili. Jumapili. Maziwa ya vikombe viwili."

"Aa, yaani wewe ndiye unaniuliza mimi!" Sauti ikapanda. "Wewe uliyesimama na pajama za miraba na kandambili, kichwa kama fagio! Sema tu, ana watoto wangapi?"

"Nani?"

"Mkeo!"

"Mke? Mke gani?"

"Pajama haivuki barabara kubwa, Muyuan. Umenijua tangu majira ya kuchipua, kila jioni unanisindikiza mpaka kule, kumbe kitanda chako kiko huku! Ndiyo maana hukunikaribisha hata siku moja. Na mimi mjinga nilikuwa nimeshaamua kukubali!"

Moyo wa Muyuan ulikwenda pande mbili kwa mara moja. "Ulikuwa umeamua kukubali?"

"Usibadilishe maneno!"

"Sina mke. Nilikuwa nyumbani. Nakaa na mama."

"Nyumbani kwenu ni ng'ambo ya daraja."

"Si ng'ambo," alisema Muyuan, na uso ukamwaka moto ingawa hakuna aliyemwona. "Nilikudanganya. Nimezaliwa hapa nyuma ya stesheni. Nilikuwa nakusindikiza halafu narudi."

Kisha simu ikatoa sauti ambayo Muyuan hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Ruolan? Sasa na wewe pale ulikuwa kwa nani?"

"Kwa bibi yangu."

"Ulilala kwa bibi yako?"

"Nalala kwa bibi yangu kila siku, tangu tuhamie hapa mwaka huu! Ndiye aliyenilea, hana meno, niliyomtengenezea hataki kuyavaa, anakunywa maziwa ya soya tu. Siku ile ya kwanza nilikuwa nakwenda kwa dada yangu. Unaniuliza nakaa wapi, mwanaume wa barabarani, nikuambie? Mwanamke gani ana akili hizo? Kesho yake ukawa unaning'ang'ania jirani, jirani. Nikawa navuka daraja, nakata kushoto, nasubiri basi la kunirudisha. Mvua inanyesha nasubiri basi!"

"Wewe ndiye uliyeniita jirani."

"Nyamaza."

Muyuan akaanza kucheka. Ruolan hakucheka naye, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mimi sioni cha kuchekesha," alisema Ruolan polepole. "Nimefurahi, halafu naogopa, hata sijijui. Kila jioni tulikuwa tunadanganyana. Mangapi mengine? Uliposema unapenda pilipili?"

"Uongo."

"Kaka yako wa Nanjing?"

"Wa kweli. Yupo kabisa."

"Jina lako?"

"La kweli, Ruolan, jamani!"

"Kesho baada ya kazi, stesheni," alisema. "Kwa miguu." Akakata.

Kesho yake Muyuan alifika mapema, shati limepigwa pasi, roho juu. Baiskeli mpya za kijani zilikuwa zimeshushwa siku hiyo, zinameta, watu wanazigombania. Ruolan akatokea katikati ya umati amevaa suruali nyeusi na blauzi ya kazini yenye vumbi jeupe la plasta ya kuundia meno. Hawakushikana mikono. Wakazunguka stesheni, wakapita kwa muuza maziwa, wakaingia kwenye majengo, na wakawa wamefika. Njia iliisha kabla hawajapata la kusema.

"Hapa ndipo kwa bibi," Ruolan alionyesha ngazi.

"Na kwetu ni hapo, nyuma ya mti ule wa mkafuri."

Kutoka dirisha moja unaweza kuomba chumvi dirisha la pili. Walitazama juu, wakatazama chini, wakaona haya kama watu ambao ndiyo kwanza wanakutana.

"Kule barabarani nilijua la kukuambia," alisema Muyuan. "Hapa sijui. Sijui hata kama bado unanitaka."

"Mimi mwenyewe sijui nimemtaka nani. Yule wa ng'ambo nilimjua."

"Yule wa ng'ambo hakuwahi kukuambia anakupenda. Huyu wa hapa anakuambia. Nakupenda. Hilo sikuwahi kulisema, kwa hiyo halijapata nafasi ya kuwa uongo."

Ruolan alimtazama, macho yamejaa machozi. Kisha akajifuta kwa mkono wenye vumbi.

"Sikukuu siji kwenu."

Muyuan akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sikukuu watu huvaa vizuri na kusema vizuri," aliendelea Ruolan. "Nimechoka na watu waliojiandaa. Mama yako yupo?"

"Yupo, lakini hata hajui kama..."

"Ndivyo ninavyotaka. Twende sasa hivi."

Wakapanda ngazi zenye harufu ya vitunguu na nguo mbichi, Muyuan mbele, anajikwaa kwenye ngazi alizozipanda maisha yake yote. Mama yake akafungua mlango, vishikio vya kuviringisha nywele kichwani, mikono imejaa unga.

"Leo mapema! Miwani imeacha kuvunjika?" Halafu akamwona msichana. Akamtazama mwanawe, akamtazama msichana, akaficha mikono nyuma. "Na huyu?"

Muyuan akafungua mdomo. Ruolan akamwahi.

"Naitwa Ruolan, mama. Nakaa jengo la pili hapo," alisema msichana, akainama kwa heshima. "Unisamehe nimechelewa kufika. Mwanao alinipitisha njia ndefu."